Thaimu kutoka mbegu: mmea unaokufa kwa kutunzwa kupita kiasi



Wengi mlituuliza kwenye mkutano wa siku ya posho: "Ile thaimu yenu, mlifanya namna gani hata ikaota?" Tuliahidi kujibu katika karatasi hii. Tutajibu, lakini tutaanza na aibu yetu, maana ndiyo iliyotufundisha.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Kwenye kifuko cha mbegu utasoma neno la Kifaransa, thym, na hapa Bukavu wengi tunalitamka hivyo hivyo sokoni. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanasema thaimu. Tutaandika thaimu. Ni lile jani dogo sana, la kijani lenye kijivu, lenye harufu kali, tunalotia katika nyama, kuku, samaki na maharagi, na ambalo tumezoea kulinunua likiwa kavu, kidogo kidogo.

Feza ya sanduku ilivyotaka kupotea

Mwanzoni mwa kiangazi kikundi chetu kilitoa feza katika sanduku, tukanunua vifuko vitatu vya mbegu. Mpango ulikuwa huu: kila mama achukue sehemu yake, aoteshe nyumbani, kisha tuuze miche na majani makavu, feza irudi katika sanduku pamoja na faida.

Sisi ni watu wa maharagi na mahindi. Tangu utoto tunajua kupanda: unachimba, unatia mbegu, unafukia, unangojea. Ndivyo tulivyofanya na thaimu. Tulitoboa udongo kwa kidole, tukaweka mbegu ndani, tukafunika vizuri. Tukaongeza samadi ya mbuzi nyingi ili miche ipate nguvu. Tukamwagilia asubuhi na mangaribi. Siku saba zikapita, hakuna kitu. Siku kumi, hakuna kitu. Mama mmoja akamwaga udongo wake na kupanda vitunguu mahali pale. Mwingine akasema muuzaji ametudanganya, mbegu ni za zamani. Wa tatu akauliza mbele ya wote ni nani aliyeshauri feza ya wajane iende katika majani ya wazungu. Mwenzetu aliyekuwa ametumwa dukani alilia siku ile.

Feza yenyewe haikuwa nyingi. Lakini anayejua maisha ya vikundi anajua kwamba feza kidogo ikipotea bila maelezo inaweza kuvunja kikundi kizima.

Kilichotuokoa hatukukipanga. Mama mmoja kati yetu alikuwa amepata msiba, akaenda kwenye matanga upande wa Walungu. Siku ya kuondoka alinyunyiza mbegu zake juu ya mchanga katika basani iliyopasuka, na hakupata hata muda wa kuzifukia. Aliiacha basani karibu na dirisha, akamwambia binti yake aitilie maji kidogo akikumbuka. Aliporudi, karibu majuma matatu yalikuwa yamepita. Juu ya mchanga aliona kitu kama vumbi la kijani. Alipoinama, akaona ni miche, mamia ya miche, kila mmoja na majani mawili yasiyozidi kichwa cha pini.

Mbegu zilikuwa za kifuko kile kile. Basi tulikwenda kumwomba msamaha mwenzetu aliyezinunua, na muuzaji tuliyemsema vibaya bila yeye kujua. Kisha tukakaa chini kujifunza mmea huu unataka nini.

Mmea wa milima ya mawe

Thaimu asili yake ni nchi zinazozunguka magharibi ya bahari ya Mediterania: Hispania, kusini mwa Ufaransa, Italia. Huko inaota yenyewe kwenye vilima vya mawe, katika udongo maskini, chini ya jua kali, na mvua ni chache. Ni ndugu ya mnanaa na rehani, lakini tabia zake ni tofauti. Mnanaa unafurahi mahali penye majimaji. Thaimu ikikaa na miguu ndani ya maji, mizizi inaoza.

Mambo mawili yanaeleza kushindwa kwetu. La kwanza ni udogo wa mbegu: gramu moja tu ina mbegu elfu kadhaa. Mbegu ndogo hivyo haina akiba ya chakula cha kusukuma udongo mzito. Maharagi yana mgongo wa kubeba udongo, thaimu haina. La pili, mbegu ya thaimu inaota vizuri zaidi ikipata mwanga. Tukiifukia, tumeizika.

Kutayarisha chombo na udongo

Si lazima kununua vyombo. Bidoni ya mafuta iliyokatwa, basani ya zamani, sanduku la mbao, hata kopo pana linatosha, ikiwa tu limetobolewa chini ili maji yatoke. Kina cha vidole vinne kinatosha kwa kuotesha.

Udongo mwekundu wa vilima vyetu ni mzito na unashika maji. Kwa kuotesha, tunachanganya nusu mchanga wa mto uliooshwa na nusu udongo uliochujwa kwa chujio ao wavu. Samadi hatutii kabisa katika hatua hii. Kisha tunamwaga maji yanayochemka juu ya mchanganyiko, tunauacha upoe na maji yatoke. Maji hayo ya moto yanapunguza kuvu na mbegu za magugu. Tulipoacha kufanya hivyo mara moja, magugu yaliota kabla ya thaimu, na hatukuweza kutofautisha mtoto na mgeni.

Wenzetu wa Goma wana bahati hapa: changarawe nyeusi ya volkano inapitisha maji vizuri. Wachanganye nayo udongo mwororo kidogo, na juu kabisa waweke mchanga laini ili mbegu zisipotee katikati ya mawe.

Kunyunyiza mbegu

Tunapendelea kuanza mwezi wa 6, kiangazi kinapoanza. Hewa ni kavu, kuvu inapungua, na sisi wenyewe ndio tunaoamua maji yawe kiasi gani. Miche inakuwa tayari kuhamishwa mvua zinaporudi mwezi wa 9.

Lowesha udongo kwanza, kabla ya mbegu. Chukua mbegu kidogo, uzichanganye na mchanga mkavu laini mara tano ao sita ya kiasi chake. Mchanga huo unasaidia mkono wako kuzisambaza bila kurundika mahali pamoja. Nyunyiza kama mtu anayetia chumvi juu ya samaki. Kisha gandamiza taratibu kwa kiganja ao kwa kibao, ili mbegu zishikane na udongo. Usifunike. Ukiogopa sana, tia vumbi la mchanga jembamba ambalo bado unaona mbegu chini yake, si zaidi.

Funika chombo kwa plastiki inayopitisha mwanga, ukiacha nafasi ndogo ya hewa, na ukiweke mahali penye mwanga ila si kwenye jua kali la saa sita. Ukiweke juu ya meza ao ukiningʼinize, sababu sisimizi wanabeba mbegu hizi, na kuku wanamaliza kilichobaki.

Usitumie mbegu zote siku moja. Zilizobaki zifunge mahali pakavu na baridi. Zinaweza kukaa miaka miwili mitatu, lakini nguvu ya kuota inapungua kila mwaka.

Kungojea

Hapa ndipo wengi wetu tulipoanguka. Thaimu inachukua kati ya majuma mawili na manne kuota. Siku ya kumi udongo bado ni mtupu, na hiyo ni kawaida. Andika tarehe kwenye chombo, ukae ukijua kwamba kabla ya mwezi kwisha huna ruhusa ya kumwaga udongo.

Katika siku hizo udongo usikauke kabisa, lakini usiwe tope. Usimwage maji juu kwa kikombe, maana mbegu zitakimbilia pembeni zote pamoja. Weka chombo ndani ya basani yenye maji kidogo, yanywewe kutoka chini. Udongo wa juu ukibadilika rangi kuwa mweusi, toa chombo. Tunafanya hivyo kila siku mbili ao tatu, kulingana na jua.

Mara miche inapoonekana, ondoa plastiki ili hewa ipite. Sisi mwaka ule hatukujua. Tulifurahi na ile basani ya mwenzetu, tukaifunika, tukaitilia maji kila siku, kila mama akipita anaongeza yake. Asubuhi moja robo ya miche ilikuwa imelala chini, shina limekuwa jembamba na la kahawia pale linapogusa udongo. Ni ugonjwa wa kuvu unaoletwa na majimaji na msongamano. Mche ulioanguka hivyo haurudi. Waliobaki tuliwaokoa kwa kuwapa hewa, jua la asubuhi na kiu kidogo.

Miche ikisongamana sana, punguza kwa kukata kwa makasi. Ukivuta, utang'oa na jirani yake.

Kuhamisha na kutunza

Mwezi wa kwanza miche inakua polepole sana. Chini ya udongo inajenga mizizi. Ikifika urefu wa kidole, yenye jozi kadhaa za majani, ihamishe, kila mmoja ao miwili miwili, katika kopo lake. Shika kwa jani, usishike shina, sababu shina likipondwa mche umekwisha. Hamisha mangaribi, uweke kivulini siku tatu, kisha uizoeshe jua kidogo kidogo kwa juma zima.

Kwa makopo na bustani tunachanganya udongo sehemu mbili, mchanga ao changarawe sehemu moja, na konzi moja tu ya mboji iliyooza vizuri. Pale ambapo udongo ni wenye asidi, kama ulivyo mwingi wa Kivu ya Kusini, nusu konzi ya majivu ya kuni iliyochanganywa vizuri inasaidia. Samadi mbichi hapana. Thaimu iliyolishwa sana inarefuka, inakuwa laini na kulegea, na harufu inapungua. Na sisi tunaitafuta kwa harufu.

Mahali pake ni pale penye jua angalau saa sita kwa siku. Acha sentimita 20 hadi 30 kati ya mmea na mmea.

Shida yetu kubwa hapa ni mvua. Kuanzia mwezi wa 9 hadi mwezi wa 5 anga la Bukavu halitusikilizi. Kwa hiyo usipande thaimu bondeni ao mahali maji yanaposimama. Fanya kilima cha udongo chenye urefu wa shibiri moja, upande juu yake, na uzungushie shina mawe madogo ao changarawe ili matope yasirukie majani. Mwenye makopo ayasogeze chini ya ukingo wa paa katika mvua za mfululizo, lakini si pale ambapo maji ya paa yanadondokea. Mama asiye na kiwanja asikate tamaa: thaimu inakaa vizuri katika kopo la lita tatu ao nne dirishani, ikiwa jua linafika.

Wakati wa kiangazi, mmea uliokwisha kushika mizizi unahitaji maji mara moja ao mbili kwa juma. Ingiza kidole katika udongo. Ukisikia ubichi, uache.

Kuvuna na kukausha

Miezi mitatu ya kwanza usikate, isipokuwa ncha ndogo za juu ili mmea utoe matawi ya pembeni. Baadaye kata asubuhi, umande ukishakauka. Usichukue zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja, na usikate mpaka kwenye mti mgumu wa chini usio na majani, maana hapo hauchipuki vizuri. Ukiona machipukizi ya maua, hapo ndipo harufu ina nguvu zaidi. Ukiacha matawi machache yachanue, nyuki watakushukuru.

Kukausha, funga matawi katika mafungu madogo, uyaningʼinize kivulini penye hewa, si jikoni penye moshi wa makala. Jua kali linafukuza harufu. Baada ya juma moja ao mawili majani yanavunjika kwa vidole. Yapukuse, utie katika chupa iliyokauka kabisa, ufunge. Majani yenye ubichi yakifungwa yanaota kuvu, na mteja uliyemuuzia mara moja hatarudi.

Jikoni

Thaimu inavumilia moto. Itie mapema, pamoja na vitunguu na tomati, ipate muda wa kutoa ladha. Si kama persili inayotiwa mwishoni. Matawi mawili katika sufuria ya maharagi yanayochemka, ao katika mchuzi wa mbuzi, yanatosha, na matawi makavu unayatoa kabla ya kupakua. Sambaza wa kukaanga wapake chumvi, kitunguu saumu na majani ya thaimu nusu saa kabla ya mafuta. Kumbuka kwamba kavu lina nguvu kuliko bichi: kijiko kidogo cha kavu ni sawa na vijiko vitatu vidogo vya bichi. Mama mwenye thaimu, kitunguu saumu na tangawizi anaweza kupunguza vile vidonge vya mchuzi vyenye chumvi nyingi.

Juu ya kikohozi cha watoto

Hapa tunaomba msome polepole. Ni kweli watu wa nchi nyingi wanakunywa chai ya thaimu wakiwa na mafua ao kikohozi, na mtu mzima anaweza kunywa kikombe chake: kijiko kidogo cha majani katika maji ya moto, kufunika dakika kumi, kuchuja. Inatuliza koo. Lakini haiponyi nimonia, na nimonia inaua watoto wetu.

Mtoto mwenye kikohozi, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 ao zaidi. Kuanzia miezi 2 hadi mwaka mmoja, 50 ao zaidi. Kuanzia mwaka 1 hadi 5, 40 ao zaidi: hiyo ni pumzi ya haraka, peleka mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi, ao hawezi kunyonya wala kunywa, ao anatapika kila kitu, ao amepata degedege, ao analala na haamki vizuri, usingoje hata maji yachemke. Nenda.

Mtoto mchanga asipewe chai ya majani yoyote. Maziwa ya mama yanamtosha mpaka miezi 6. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, inaweza kumtia sumu. Yale mafuta makali ya thaimu yanayouzwa katika chupa ndogo hayanywewi, na yasipakwe kwa mtoto mdogo. Mama mwenye mimba atumie thaimu katika chakula kama kawaida, lakini asinywe chai nzito yake kila siku bila kumuuliza muuguzi.

Kununua mbegu mara moja tu

Jambo lililorudisha feza ya sanduku letu ni hili: ukishapata mmea mmoja wenye afya, huhitaji kifuko kingine cha mbegu. Chukua tawi changa lisilo na maua, lenye urefu wa kidole, ondoa majani ya nusu ya chini, lichomeke katika mchanga wenye ubichi, uliweke kivulini. Baada ya majuma manne hadi sita lina mizizi. Ao lainisha tawi refu mpaka ardhini likiwa bado kwenye mama yake, liwekee jiwe dogo juu na udongo kidogo; likishika mizizi, ulikate uhamishe. Fanya hivyo kila mwaka, sababu baada ya miaka mitatu ao minne mmea wa zamani unakuwa mti mtupu na majani yanapungua.

Kwetu sheria sasa ni hii: mama anayepewa mche mmoja anarudisha miche miwili kwa kikundi mwaka unaofuata. Miche hiyo inapewa wengine ao inauzwa sokoni, na hesabu inasomwa mbele ya wote. Yule mama aliyeuliza kwa hasira juu ya feza ya wajane ndiye anayeshika daftari la miche leo. Tulimchagua kwa sababu anauliza.

Basi, siku ya posho ijayo kila anayetaka aje na kopo lililotobolewa chini na konzi mbili za mchanga. Matawi tutayaleta sisi. Na mwenye mbegu ambazo bado hazijaota nyumbani, tunamwomba asizimwage: ahesabu siku kwanza.